Shemeji Hapandi Paani, na Mimi Nisipande

Mshauri wangu, nakuomba unisaidie kabla sijavunjika kiuno. Mimi ni fundi cherehani, mjane, naishi na mama mkwe wangu katika nyumba aliyotuachia marehemu, na mti wa jirani umeinamia paa letu unamwaga majani na vijiti usiku na mchana, mfereji wa maji ya mvua umeziba kabisa, maji yakikosa njia yanarudi ndani na kumdondokea mama kitandani, tumehamisha kitanda mpaka hakuna tena pa kukihamishia, na kifua kinambana kwa ule unyevu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kila nikimwambia anajibu, "Shemeji, nyumba ya kaka ni yangu kuiangalia, nakuja kesho," na hiyo kesho sijaiona, lakini nilipoleta fundi wa paa alimfukuza, eti mwanaume wa nje hatembei juu ya nyumba ya kaka yake yeye akiwa hai, na nilipotia mguu kwenye ngazi mwenyewe alipiga kelele mtaa mzima ukatoka, "Unataka watu waseme wanaume wa nyumba hii tumekufa wote?" Basi nikaanza kupanda kwa siri, mvua ikinyesha, maana wakati huo watu wamejifungia ndani na hakuna wa kuniona, na juzi gauni lilinasa kwenye msumari, nikateleza mpaka ukingoni, nikabaki nimelikumbatia bati, hata kupiga yowe naogopa kusikika. Niliposhuka mama akaniuliza, "Mwanangu, nini kilikuwa kinabingirika huko juu?" nikamwambia ni paka. Sikusudii kuacha, mama hatalala kwenye maji nami nina mikono miwili. Ila nifanyeje na shemeji?

Fundi Cherehani Niliyechoka na Kesho

Fundi, pole sana, na sasa kaa chini nikufokee. Hivi una akili timamu kweli? Bati limelowa, mvua inanyesha, gauni linaburuza, na hakuna hata mtu mmoja anayejua uko juu! Ungeanguka, ungelala hapo nyuma ya nyumba mpaka mvua iishe, na huyo mama angebaki na nani? Kupanda hukukosea. Ulikosea kujificha.

Kwa hiyo utapanda mchana kweupe, siku bati limekauka na hakuna upepo. Vaa suruali, na kama huna, si unashona? Vaa raba zisizoteleza na glavu, maana kwenye majani yaliyooza nge hakosi. Ngazi isimame penye ardhi ngumu, mbali na waya za umeme, ncha yake ipite ukingo wa paa, uifunge kamba. Na paa usilikanyage kabisa! Baki kwenye ngazi, vuta takataka kwa reki ya mpini mrefu, zitie kwenye ndoo. Usipofika, shuka uhamishe ngazi, usijinyooshe kama unafikia sukari juu ya kabati. Kule katikati mwachie fundi wa paa, na umwite tena.

Shemeji hutagombana naye. Mwite mbele ya mama yake, sema ukweli wote wa kuteleza kwako, kisha mwambie, "Shemeji, siku ndiyo hii. Panda wewe, au nishikie ngazi." Asipotokea, mwite jirani mwenye mti aje ashike, majani si yake? Mama mtolee kiti uani aone kazi inavyofanyika.

Shemeji akija na kelele zake, mwache mama yake amjibu. Wewe usigeuke, uko kwenye ngazi.