Profesa Aliyejitafutia Shangazi

Mangobo, Kisangani

Shangazi yangu mpendwa, Bi Tatu,

Shikamoo. Tena leo nakuamkia kwa magoti mawili, maana nimekitumia cheo chako cha ushangazi mbele za watu wazima bila kukuomba ruhusa, na utakaposoma utajua kwa nini. Goti lako la kushoto linasemaje na mvua hizi? Na paka wako mwizi yu hai, au majirani wameshamshughulikia? Mimi sijambo. Homa iliyonishika mwezi uliopita imeniachia. Najua hutaki ujumbe wa sauti kwenye simu ya Juma, kwa kuwa unasema mtaa mzima husikiliza kabla yako. Basi nimeandika, na barua ataileta Mama Zaituni wa vitenge anayepitia Kindu.

Nimenenepa, Shangazi. Usicheke. Mwenye nyumba wangu, Mama Béa, ni mtu wa mtoni huko Isangi, na kwake mgeni asiyeongezeka kilo ni aibu ya nyumba. Kila jioni kisamvu, wao huita pondu, na samaki wa kukaushwa, na mihogo iliyofungwa majani mizito kama tofali. Kiswahili changu bado kinawachekesha. Nikisema "wanafunzi wangu wamechelewa," Mama Béa huwaita majirani waje wasikie redio inasema.

Haya, sasa habari yenyewe. Kaa vizuri, na kama chai iko jikoni, kailete kwanza.

Kuna binti hapa chuoni anaitwa Solange. Mfupi, mkavu, mbishi, mtoto wa wavuvi wa Yanonge. Alikuwa amebakiza jambo moja tu amalize masomo: kutetea tasnifu yake mbele ya majaji. Lakini hawezi kuitetea bila saini ya profesa anayemsimamia, na msimamizi wake alikuwa Profesa Sefu, mtu wa suti ya bluu na marashi unayoyasikia kabla hujamwona. Huyo profesa akamwambia Solange saini ipo tayari, ila avuke mto jioni, peke yake, amletee sura ya mwisho kwenye kijumba chake cha Lubunga. Solange akamwambia sura ya mwisho inasomeka vizuri zaidi ofisini, mchana, mlango wazi. Tangu siku hiyo kalamu ya profesa ikakauka. Na msimu wa kutetea ukipita, binti anapoteza mwaka, na kwao hakuna tena mtu wa kumsomesha mwaka mwingine.

Akaandika malalamiko kwa mkuu wa kitivo, ambaye huku wanamwita Doyen. Unajua walichofanya? Walinunua soda! Wallahi. Doyen akawaketisha wote wawili, akafungua soda za rangi ya machungwa, akasema sisi wote ni familia, peaneni mikono yaishe. Solange akainywa soda yake mpaka chini, akafuta mdomo, akasema, "Asante, Papa Doyen. Sasa saini yangu iko wapi?"

Soda ilipogoma, rafiki za profesa wakapanda boti mpaka Yanonge na mbuzi wa kumtuliza mama yake. Mama akampokea mbuzi, akawapikia wageni samaki, wakarudi wanaimba. Wakadhani yamekwisha. Hawakuijua familia ile.

Ikabidi iundwe tume. Kanuni ya chuo inasema mjumbe asiwe ndugu wa mshtakiwa. Ukiisikia hivyo unaona ni kanuni nzuri, sivyo? Shangazi, katika mji huu kanuni hiyo ni kichekesho. Siku ya kwanza Profesa Sefu aliingia, akaizunguka meza, akasalimia kila mjumbe kwa unyenyekevu. Huyu shemeji, yule tonton, ndiyo mjomba kwao, yule mwingine mke wake alinyonyeshwa na dada yake profesa. Kila aliyesalimiwa akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka, na wengine walitoka haraka kama waliofunguliwa mlango wa jela. Wakatafutwa wapya. Nao wakasalimiwa, nao wakatoka. Mimi nilikuwa nikisikia habari hizi kwa Mama Béa sokoni, naye alikuwa akicheka mpaka anashika meza ya samaki.

"Batamaliza mji muzima," akasema. "Mutoto atazeeka, bon, na yeye atakuwa koko, na bado batatafuta mutu hajamujua Sefu." Koko kwao ni bibi au babu.

Mimi sikucheka sana. Niliona mchezo wa profesa. Hakuwa na haja ya kushinda kesi, alihitaji tu siku zipite.

Ndipo wakanikumbuka mimi. Mama Tanzania, mwalimu wa lugha, hana mjomba wala binamu mji mzima! Nikapewa kiti. Pembeni yangu akakaa mzee mmoja wa kitivo cha kilimo, mtu wa Kasai, kwao mbali mno, na Sista Agnès, mtawa anayefundisha saikolojia, aliyesema wazi kwamba ndugu zake wamebaki Ubelgiji na mbinguni. Sista ndiye aliyekuwa akiandika. Sikufichi, niliogopa. Mkataba wangu wa kazi uko kwenye meza ya Doyen huyohuyo, na mtu anayenipa ugali wangu ndiye aliyekuwa akitaka mambo yaishe kwa soda.

Siku ya kikao Solange alikuja na mama yake, na mama yake alikuja na mbuzi. Akamfunga nje, chini ya dirisha. Doyen akauliza mbuzi anafanya nini chuoni. Mama akajibu, "Huyu mbuzi alikuja kwangu bila kuniuliza. Namurudisha kwa mwenyewe." Na mbuzi naye, kama aliyeitwa shahidi, akalia meee ya kuvuta. Mzee wa Kasai akajifanya anakohoa.

Profesa Sefu akaingia, marashi mbele. Akampa mkono mzee, akampa mkono Sista, akakosa udugu nao. Akafika kwangu, akanitazama, uso ukamng'aa.

"Tante!" akasema. "Mbona hawakuniambia? Weye iko mutu wa Ujiji?"

"Ndiyo."

"Lakini koko yangu alitokaka Ujiji! Alikuja huku zamani na bakubwa ya biashara. Donc, weye iko dada ya baba yangu. Iko shangazi yangu, ya damu kabisa!" Akamgeukia Doyen, mikono wazi. "Papa Doyen, ninasikitika. Siwezi kuhukumiwa na shangazi."

Doyen akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaanza kukusanya karatasi zake, akasema basi, tutatafuta mjumbe mwingine, tutakutana mwezi ujao. Mwezi ujao! Msimu wa kutetea ulikuwa unafungwa wiki ile ile. Nikamtazama Solange. Hakulia, alikuwa anaitazama meza tu, na mama yake amemshika kiwiko. Moyo ukaniuma, halafu ukanipanda moto. Mimi nina miaka mingapi, Shangazi, na yule bwana ana mvi ngapi? Aniite shangazi ili anifukuze!

Hapo nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka ulivyomkalisha kaka Hamisi mkekani kwa ajili ya yule binti wa Mwanga, ukamuuliza maneno ambayo baba mwenyewe asingeyatamka, mpaka jasho likamchuruzika, na hakuthubutu kunyanyuka.

"Ngoja, Doyen," nikasema. "Profesa, shangazi upande wa baba?"

"Wa baba kabisa, tante."

"Unasema mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya Mungu!"

Nikainuka. Nikakitoa kiti changu kutoka mezani, nikakiweka karibu na chake. "Basi ni kweli, huyu ni mtoto wa kaka yangu, siwezi kumhukumu. Najitoa kwenye tume. Lakini kanuni inaruhusu kila upande kuja na ndugu mmoja. Solange ana mama yake. Profesa alikuja peke yake, maskini, na sasa ana mimi. Kaa chini, mwanangu."

Akacheka. Akakaa. Alidhani namsaidia.

"Haya. Umekula?"

"Nimekula, tante."

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Anakijua kile kijumba cha Lubunga?"

Mbuzi akalia. Profesa akamtazama Doyen, na Doyen akatazama dari.

"Tante, hayo iko mambo ya nyumbani."

"Ndiyo maana nakuuliza mimi. Ya chuo wangekuuliza wao. Mficha uchi hazai, mwanangu, mwambie shangazi yako. Ofisini kwako hakuna taa?"

"Taa iko."

"Macho yana shida?"

"Hapana, tante."

"Basi sura ya mwisho ilishindikana nini kusomwa ofisini, mpaka binti wa watu avuke mto jioni?"

Mzee wa Kasai akaacha kujifanya anakohoa, akacheka wazi. Profesa akaanza kusimama. Nikamtazama tu, jicho lile lako la kando, Shangazi, ambalo sikujua kama ninalo. Akarudi chini mwenyewe. Na yule mzee akasema, taratibu, "Kwetu Kasai dada ya baba tunamuita baba mwanamuke. Mutoto hamukimbie."

Profesa akachomoa leso. "Tante, mutu iko mutu. Ilikuwa udhaifu kidogo."

"Udhaifu nimeusikia. Ulimwambia asipokuja hutasaini?"

"Nilisemaka tu... kwa kucheza."

"Sikukuuliza kama ulicheza. Ulisema?"

Aliinamisha kichwa. Marashi yote yalikuwa yamegeuka jasho.

"Nilisema, tante."

Kalamu ya Sista ikasikika kwenye karatasi. Profesa akaruka. "Sista, usiandike! Haya iko mambo ya familia!"

"Mon frère, ndugu yangu," Sista akasema bila kuinua macho, "weye mwenyewe ulisema iko mbele ya Mungu. Mimi niko mufanyakazi yake."

Tukacheka, Shangazi, hata mlinzi mlangoni. Solange peke yake hakucheka. Alisimama, akasema kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka, "Amesema. Mumesikia wote. Mimi sitaki soda, sitaki mbuzi, sitaki mukono wake. Nataka mutu mwingine asome kazi yangu."

Doyen akaanza tena wimbo wa tume, kwamba haijakamilika na mjumbe amejitoa. Mzee wa Kasai akamkatiza. "Tume iko ya kutafuta kama jambo lilitendeka. Mwenyewe amesema lilitendeka. Unatafuta nini tena, Doyen? Badilisha musimamizi." Na Doyen akabadilisha, pale pale, kwa mstari mmoja na muhuri. Kumbe uwezo huo alikuwa nao tangu siku ya soda! Nilikasirika upya. Siku zote zile za kusalimiana na kutoka na mikoba, na dawa ilikuwa mfukoni mwake.

Solange ametetea wiki ile ile, siku ya mwisho ya msimu. Majaji walimbana, naye akawabana. Mama yake hakuelewa neno la Kifaransa, ila kila binti alipofunga mdomo yeye alipiga vigelegele, mpaka akaombwa asubiri mwisho. Profesa Sefu amesimamishwa kufundisha mpaka baraza la chuo likae, na nasikia ameanza kuwasalimia wajumbe wa baraza. Rafiki zake wanasema nimeuza damu yangu. Nawajibu damu nilipewa bure, sikuiomba. Mkataba wangu Doyen bado "anausoma." Inshallah ataumaliza. Mbuzi amebaki chuoni, hakuna anayekubali kuwa mwenyewe.

Sasa sababu ya kweli ya barua hii. Nilikuahidi kuja kwenye harusi ya mtoto wa Hamisi. Shangazi, sitakuja, na naomba usinune. Tangu siku ile wasichana wananijia nyumbani kwa Mama Béa. Hawaendi kwa Doyen, wanaogopa soda. Wa kwanza alisema ana rafiki mwenye shida. Wa pili naye ana rafiki. Wote huanza na rafiki, halafu rafiki huyo anaanza kutetemeka mbele yangu. Wanaingia uani wanasema, "Tunatafuta shangazi." Kesho asubuhi watakuja watatu. Nikija harusini, watabisha mlango wa nani?

Nisalimie kaka Hamisi, umwambie nimemtaja, lakini usimwambie kwa lipi. Msalimie wifi yangu mpishi wa maandazi, na bibi harusi mtarajiwa, nitamtumia kitenge kwa Mama Zaituni. Mwalimu wa madrasa mpe salamu za heshima. Juma mwambie simu aiweke mbali na dirisha.

Nina swali moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kukaripia nilikuiga, nikaweza. Lakini juzi msichana mmoja alimaliza kunieleza yote. Nilifikiri kazi imekwisha, nikaanza kuchagua maneno ya kumpeleka kwa Sista. Yeye akabaki pale kwenye kigoda, analia bila sauti, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nakumbuka nikiwa mdogo, wanawake waliingia chumbani kwako wameinama na kutoka wamenyooka, na mlango ulikuwa umefungwa, nasi watoto tumefukuzwa uani. Ulikuwa unawafanya nini mle ndani, Shangazi? Niandikie upesi, kwa maana hilo hukunifundisha.

Mtoto wa kaka yako,
Sikudhani