Wanataka Kukuweka Hifadhini

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unashuka pwani bila fimbo. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea unaweka sauti ya juu, na Kiegeani nzima inasikia. Hili nataka ulisome peke yako.

Nilishakueleza habari za Neema, mkutubi wa hapa chuoni, mtu wa bara. Tangu mwaka wa kwanza simwelewi. Mhadhiri akitaja kitabu darasani, nikifika maktaba nakikuta kimeshatengwa kwa ajili ya kozi yetu, cha kusomwa humo humo ili kila mtu akipate. Nikasema hawa wawili wana lao jambo. Kumbe mhadhiri humpelekea majina ya vitabu kabla muhula haujaanza. Siku nyingine akanikalisha kwenye kompyuta, akanifundisha kutafuta makala na namna ya kumtaja niliyemnukuu, na hakungoja hata ahsante. Mama, nani hufanya hivyo bure? Nikawa nafunika karatasi zangu kila akipita.

Basi wiki iliyopita nimemaliza tasnifu, ile ya maneno yenu wanawake wa mwani, pamoja na sauti yako niliyoirekodi ukieleza bamvua na maji mafu, siku za maji makubwa na za maji madogo. Nikampelekea. Akafurahi kweli, akanipa karatasi ya kutia sahihi, akasema sasa kazi yangu itaingia kwenye hifadhi ya chuo.

Neno hilo lilinichoma. Sisi watu wa Mafia tunalijua tangu bahari yetu ifanywe hifadhi. Mahali pakishafanywa hifadhi panatiwa maboya ya mipaka, na wewe uliyezaliwa hapo unaanza kuuliza kama unaruhusiwa kupita. Nikarudisha kalamu mezani, nikamwambia sauti ya mama yangu haiwekewi mipaka. Neema akanishangaa. Akasema bila sahihi kazi haipokelewi, na isipopokelewa sihitimu. Nikaondoka.

Kesho yake akaniita, akanieleza kwamba hifadhi yao ni ya watu kusoma, si ya kuwazuia, na kwamba mwenye kazi ndiye anayeamua ifunguliwe au ifungwe. Sikutaka maneno. Nikamwambia anioneshe kwanza wamehifadhi nini cha kwetu.

Akaandika jina la kijiji. Ikatokea kazi ya mgeni mmoja aliyewahi kusoma hapa, aliyekuja kwetu kutafiti mwani. Tukafungua mpaka kwenye picha. Mama, ni wewe. Kanga yako ya zambarau, kamba begani, maji magotini. Chini yake wameandika kwa Kiingereza: mwanamke wa kijijini akivuna mwani. Nikauliza jina liko wapi. Neema akatafuta mbele na nyuma, hakuliona. Akasema, "Bakari, ndiyo maana nataka na yako iingie."

Sijamwamini bado. Mtu anaweza kusema kweli na bado akawa na lake. Lakini nina hasira, Mama, maana tayari umo humo na sidhani kama uliulizwa. Unamkumbuka aliyekupiga picha ile? Alikuambia anaipeleka wapi? Kwenye yangu nimeandika jina lako kamili, Mwanahawa binti Shehe, ukurasa wa kwanza. Mahali pa sahihi nimepaacha wazi mpaka uniambie. Ukikataa nitarudi bila shahada, na sitakulaumu.

Nisalimie dada Zuhura, na asikusaidie kusoma barua hii. Mjomba Haji, muadhini wetu, mwombe dua yake isinisahau. Shangazi Mwanaidi, mwenzio wa mwani, mpe salamu zake peke yake, umwambie naye yumo kwenye picha ile, pembeni. Wamemkata kichwa.

Mwanao anayengoja neno lako,
Bakari