Mikono Miwili Kwenye Kalenda

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliipata? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako, nataka kujua kweli. Sisi huku tunapumua. Presha yangu hupanda na kushuka inavyotaka, lakini leo imetulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, wa mtu aliyeishia darasa la nne, herufi zinaegemeana kama watu waliochoka. Soma polepole.

Nimepata ujumbe wako kwamba umeniona kwenye kalenda ya serikali, nimeinua mikono yote miwili mbele ya umati, meno yote nje, na kwamba umeitundika sebuleni na kila mgeni unamwambia huyu ni dada yangu. Nilicheka, kisha nikakaa kitako nikakosa hata nguvu ya kuvua viatu. Chini ya picha wameandika kwamba wananchi tumeukubali mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Ngoja nikueleze nilikubali nini.

Siku ile ya picha, hospitalini ninakofua, umeme ulikatika mashine ya kufulia ikiwa imejaa mashuka ya wodi ya wazazi, na ule mlango wake haufunguki mpaka umeme urudi. Wajawazito wamelala juu ya godoro tupu, nesi ananigombeza mimi kama vile waya nimezikata mimi. Nikaenda kwenye mkutano wa hadhara na hasira hiyo kifuani. Bwana mmoja kutoka wizarani, wa kitambulisho shingoni, akauliza nani hapa amechoka na giza, nani anataka umeme usiokatika, anyooshe mkono. Mimi ningenyoosha hata mguu! Kumbe mpiga picha yuko mbele yangu. Makaa ya mawe hayakutajwa hata kwa bahati mbaya. Tukapewa soda, tukatawanyika.

Na mwanao, binti yangu, unakumbuka ulivyokuwa ukimtania kwamba amesoma miaka yote hiyo aje kuangalia upepo? Kwa ule mlingoti wao mlimani, wenye vikombe vinavyozunguka, yeye na wenzake waliupima upepo misimu yote, wakaona unatosha kuuwashia mji wetu taa, wakapeleka majibu wizarani. Walichojibiwa ni kufungiwa kituo chao cha kupimia. Mlingoti umelazwa chini, mwanao amehamishiwa stoo kulinda viti vibovu. Mtambo wa makaa wanataka kuujenga nyuma ya hospitali, ng'ambo ya ukuta ninapoanika mashuka yangu meupe. Hebu fikiria hilo vumbi jeusi, na vile vitoto vichanga.

Mwanao alipokwenda kusema redioni, nilimpigia simu nikamsihi anyamaze, ashukuru hata stoo ina mshahara, serikali ina mkono mrefu. Akanijibu kwa upole kwamba mkono unaomshinda yeye ni wangu. Kila akifungua mdomo, wakubwa wake wanamwonyesha kalenda na kumwuliza, kama mama yako mzazi ameshakubali, wewe ni nani?

Hapo usingizi ukanihama. Na mwenye bucha naye hanipi nafuu, ananiita Mama Mikono Miwili, kila nikifika ananiuliza leo nainulia nyama au mifupa.

Basi yule bwana wa wizarani alirudi mwezi uliopita kutugawia kalenda nyingine. Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikamwomba awakumbushe watu swali aliloliuliza siku ile. Akasema mama keti, haya ni mambo ya kitaalamu. Nikamwambia ya utaalamu siyajui, akamwulize binti yangu waliyemfungia stoo, mimi nazungumzia mikono yangu, na ninajua niliinua kwa ajili gani. Akacheka, akasema mkono ukishainuliwa haurudi. Basi nikaikunja yangu, nikaificha kwapani, nikakaa. Jirani yangu akafanya vilevile. Mwenye bucha naye akaikunja, na lile tumbo lake. Bwana alipouliza nani anataka kalenda, ukumbi mzima ulikuwa umejikumbatia kama wenye homa. Hakunyoosha mtu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mume wangu nilimficha mpaka jana. Nimekwenda kwa wakili. Kesi imefunguliwa kuupinga ule mkutano, na jina la kwanza kwenye walalamikaji ni langu. Umeme hatuukatai, nani atakataa umeme? Tunataka waulize upya, waseme makaa ni makaa na upepo ni upepo, ndipo tujibu. Msimamizi wangu ameshanionya kwamba mkataba wangu unaweza usiongezwe. Kuogopa naogopa, mdogo wangu, sikufichi. Kurudi nyuma sirudi. Shemeji yako alinuna jana nzima, asubuhi nikamkuta ananipigia pasi gauni la kwenda mahakamani. Ameliunguza pindo, nitalivaa hivyo hivyo.

Ninakuomba jambo moja. Tangu kesi ianze, watu wa wizara wamepita nyumba kwa nyumba huku kwetu wakizikusanya kalenda zote. Yako iko mbali, hawajaifikia. Iteremshe taratibu, usiikunje katikati, maana pale ndipo mikono yangu ilipo, umpe mtu unayemwamini aniletee. Nataka hakimu aitazame, halafu anitazame mimi, aniulize siku ile nilikuwa naomba nini.

Wabusu watoto, uwaambie mama yao mkubwa hajagombana na mtu, ameulizia mikono yake tu. Na wewe usinililie, chua mgongo. Ukuta ukibaki mtupu, uvumilie, nitakuletea picha nyingine mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Mikono Miwili
(kwa sasa imekunjwa)