Samaki za Christian

Bunia, Nyakasanza, tarehe 9 Juni 2003

Mutoto wangu Émilienne,

Jambo sana mama. Habari ya Mombasa, habari ya bwana yako na watoto? Kama hii barua imekufikia, ushukuru Mungu kwanza, kisha usome ile inabaki: miye niko muzima. Miguu iko, mikono iko, na kikohozi kidogo juu ya kulala chini ya bâche, ile plastiki ya hema. Ninajua umelia sana. Sasa upanguse macho.

Siku ile risasi ilianza, tulikimbia na watu wa avenue yote mpaka karibu na uwanja wa ndege, kwa camp ya ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Tulikaa pale mu matope na watu wengi sana. Ndugu yako Christian hakuwa na siye. Asubuhi ile alitoka kutengeneza groupe, ile mashine ya umeme, ya mutu mumoja kule sokoni, na njia ikafungwa katikati yetu. Wengine wanasema walimuona kwa barabara ya Komanda, pamoja na wale walikuwa wanakimbilia Beni. Wengine wananiangalia tu, hawasemi kitu. Miye nimeshika neno ya wale wa kwanza.

Sasa askari wa Ulaya wamefika, magari yao inazunguka mu muji, na juzi nikarudi kwa nyumba. Walibeba mulango, madirisha, kitanda, masufuria, na mabati yote ya juu ya salon, ile chumba ya kupokea wageni. Ukikaa mule unaona mawingu. Mu salon kitu moja tu waliacha: ile sanduku ya vioo ya Christian, na maji yake ya chumvi, na wale samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda nyeupe, na ile anemoni yao, nyama ya bahari yenye inafanana na ua.

Jirani yetu Mama Mbambu alikuwa bado amejificha kwa stoo yake, mbele ya kukimbilia parokia. Aliwasikia wakibishana. Mumoja alisema, "Tubebe na kile kioo." Mwenzake akamujibu, "Ubebe weye. Miye siguse ua yenye inatembeza vidole, na samaki wanalala ndani yake hawafi. Mwenye hii nyumba anajua dawa." Wakatoka. Nilicheka, Émilienne. Nilicheka peke yangu mu nyumba haina mulango.

Unakumbuka nilivyosema wakati Christian alitoka kwako na ndege, amekumbatia mifuko ya plastiki yenye maji kama mutu amebeba mutoto. Nilimuuliza samaki haliwi ni samaki gani. Sasa ni ile kitu yake moja tu imebaki hapa. Umeme haiko tangu mwezi wa tano, pompi imenyamaza, taa haiwaki. Lakini wako wazima. Uniandikie mbio: nifanye nini wasikufe mbele yeye hajarudi? Miye ninajuaka ng'ombe tu.

Barua ninaipa pilote wa ndege ya mission, ataitia kwa posta Entebbe.

Papa yako,
Evariste


Mombasa, 20 Juni 2003

Papa wangu,

Jambo Papa. Sisi hapa hatujambo, watoto wanakua, bwana anakusalimu sana. Barua yako ilinikuta kazini, na ndoo ya maji mkononi. Nilipoona mwandiko wako ndoo ikaanguka, maji yakaenda mpaka kwa miguu ya patron, bosi wangu. Alitaka kunikemea. Nilipomwambia ni barua ya baba yangu kutoka Bunia, akachukua fagio akakausha yeye mwenyewe.

Kuhusu Christian, mimi pia ninashika neno la wale wa kwanza. Ana miguu mirefu na kichwa kigumu, na barabara ya Beni anaijua.

Sasa samaki. Papa, hapa kazini tunawafunga samaki kama hao kila siku kuwapeleka Ulaya, kwa watu wanaowaweka nyumbani, kwa hiyo nisikilize. Wasiwasi wangu mkubwa si samaki, ni anemoni. Ikifa inaoza upesi, na sumu yake inaua kila kitu kilicho ndani. Kwa kuwa pompi imenyamaza, chukua kopo, teka maji, uyamwage tena kutoka juu, polepole, mara nyingi mchana kutwa. Hivyo hewa inaingia. Usiku wa Bunia una baridi, kizungushie kioo blanketi. Mabati waliyobeba yametusaidia bila wao kujua, kwa sababu anemoni inahitaji jua. Ila mvua ikinyesha, funika. Chakula kidogo sana. Na maji yakipungua, ongeza maji matamu ya mvua, bila chumvi, maana jua linabeba maji tu, chumvi inabaki. Tafadhali Papa, usitie chumvi ya jikoni hata kijiko.

Lakini kuna neno linanisumbua. Ulikuwa kwenye camp wiki nyingi. Bila mtu wa kuwaangalia, ungekuta maji yameshuka na nyumba nzima inanuka. Wewe umekuta wazima. Nani alikuwa anateka hayo maji?

Na jambo jingine. Umeniandikia habari za watu wote, hata za Mama Mbambu. Françoise wa Christian hukumtaja. Yuko wapi?

Mwanao,
Émilienne


Bunia, tarehe 23 Juni 2003

Mutoto wangu Émilienne,

Jambo mama. Huku tuko na afya, kikohozi kimeisha. Barua yako haijafika bado na miye nimeisha kuharibu. Nilikuwa nimeona maji imeshuka. Nikawaza: bahari ni chumvi, basi. Nikatia maji ya mutoni na chumvi ya Katwe, mikono miwili imejaa.

Asubuhi yake anemoni ilikuwa imejikunja kama ngumi, imelegea kwa jiwe yake. Wale samaki wameitoka, wako kwa kona juu, wanapumua mbio mbio. Nilikaa mbele ya kioo nikaona kama niko kwa kitanda ya mugonjwa. Kisha nikaenda kupanga mustari kwa unga, juu ilikuwa siku ya distribution, ya kugawa chakula. Kule wakatuambia unga haikufika, turudi kesho. Nikarudi mapema.

Mu salon kulikuwa mwanamuke, amenipa mugongo, amejifunga kitambaa kwa kichwa. Anateka maji na kopo, anamwanga, anateka tena.

"Weye ni nani?" nikauliza.

Akaweka kopo chini polepole. "Ni miye, Papa. Françoise."

Ninajua umekuwa ukiniuliza mu roho yako, Françoise iko wapi. Weye unamujua, yule anashonaka nguo kule Mudzipela, wazazi wake ni wakulima wa Kpandroma. Mu Desemba Christian aliniomba niende kwao nimuombee muke. Nikasema, Muhema kwenda kuomba kwa Mulendu, mu wakati huu makabila yetu inauana? Sitie mguu kule. Tangu siku hiyo hakuleta tena jina yake mu nyumba, na siye wawili tulikuwa tunaongea habari ya mvua tu.

Françoise hakuniangalia, aliangalia maji.

"Nani alitia chumvi hii?"

"Ni miye."

"Ya Katwe?"

"Ya Katwe."

"Hii ni ya mboga, Papa. Itawaua. Christian aliacha bidon ya maji yao, na chumvi yao ya packet. Niliificha nyuma, chini ya mabanzi."

Tukatoa nusu ya maji yangu mubaya, tukaanza kutia yake kidogo kidogo. Wakati tunafanya hiyo kazi akaniambia yote. Siku muji ulibadilisha wakubwa mara ya pili, watu wa upande yetu wakaushika, wakaanza kutafuta watu wa kabila yake nyumba kwa nyumba. Yeye alikimbilia kwetu, juu nyumba ilikuwa imeisha kuibiwa na alijua hakuna mutu anarudia nyumba tupu. Alijificha mu stoo ya nyuma. Alikula muhogo ya shamba yetu, mubichi, juu moshi ingemuonyesha. Alikinga maji ya mvua, nusu anakunywa, nusu anawapa samaki. Blanketi yake ilikuwa moja tu, na hiyo pia alifunikia kioo. Wakati aliniona nimerudi, akahamia kwa masista wa parokia. Siku ninaenda kwa distribution, yeye anapitia nyuma kuwaangalia.

"Kwa nini hukunijulisha uko hapa?" nikamuuliza.

"Papa, ulisema hautie mguu kwetu. Nikajua na yangu haitakiwi hapa."

Nikabeba bidon.

Wakati ule ule vijana watatu wakasimama pale mulango ulikuwaka. Makoti marefu, na chini ya koti unaona umbo ya bunduki, juu siku hizi wanakatazwa kuzionyesha. Mumoja wao ninamujua, baba yake alichungaka ng'ombe zangu.

"Muzee, huyu mwanamuke ni wa nani?"

Bidon ilikuwa nzito, lakini sikuiweka chini.

"Ni bokilo yangu. Muke wa Christian."

"Tunasikia ni wa upande ile ingine."

"Nimekuambia ni wa nani. Kama iko neno ingine, umulete baba yako hapa, niongee naye. Na weye salimia watu kwanza mbele ya kuuliza."

Akaangalia chini. Mwenzake akasogea kwa kioo, akaona ile nyama imejikunja, akauliza ni kitu gani. Françoise akamujibu sauti yake imetulia kabisa: "Ni mugonjwa. Usiguse." Wakakaa kidogo, kisha wakaenda. Jioni yake yule kijana alirudi bila koti, akanisalimu, akasema hakuna mutu atapita tena hapa.

Lakini pale walipotoka tu, niliweka bidon chini. Françoise akageuza ndoo, akasema, "Papa, kaa." Nikakaa. Neno ilikuwa imeisha kutoka mu kinywa, Émilienne, na sikutafuta kuirudisha. Analala mu chumba ya marehemu mama yako. Anemoni bado imejikunja. Habari ya Christian, yeye pia hajui kitu kupita miye.

Papa yako,
Evariste


Mombasa, 6 Julai 2003

Papa, Papa wangu,

Salamu nitakupa chini, acha nianze na hii: Christian yuko hai. Yuko Oicha, kwa padiri mmoja anayeitwa Adolphe. Walitembea porini na watu wengi, akajikata mguu vibaya, halafu malaria ikamlaza. Wiki zote hizo alikuwa hajui ni siku gani. Alipopata akili alikumbuka namba ya simu ya hapa kazini, padiri akapiga.

Nilimwambia Papa yu mzima, akalia. Nikamwambia Françoise yu mzima. Hakuamini. Barua yako ilikuwa imefika siku ileile asubuhi, nikamsomea yote kwenye simu, patron amesimama pale anasikiliza lugha asiyoielewa vizuri na machozi yanamtoka. Nilipofika pale uliposema "bokilo yangu," Christian akanikatiza. Akasema, "Soma tena pale."

Nimesoma mara tatu.

Mguu ukipona atapanda gari aje Bunia. Mwambie Françoise sasa hivi, usimalize barua kwanza. Nawatumia chumvi ya samaki na pompi ndogo ya betri, sista Léontine wa mission amekubali kubeba.

Na sasa, habari za afya yako, Papa? Mimi sijambo kabisa. Sijawahi kuwa hivi.

Mwanao,
Émilienne


Bunia, tarehe 17 Agosti 2003

Mutoto wangu Émilienne,

Jambo mama, habari ya bwana na watoto? Umusalimie yule patron wako, umuambie kwa Bunia iko muzee anamuita ndugu. Unisamehe kimya. Barua yako ilifika na mizigo yake yote, lakini kila siku nilisema, nitaandika kesho nikiwa na habari kamili.

Siku barua ilifika, nilisoma mustari ya kwanza nikaita, "Françoise." Alikuwa anafua nyuma. Akatokea na sabuni kwa mikono. Nikamupa karatasi. Akasoma amesimama. Kisha akarudi nyuma akamaliza kufua, na nikasikia anafua nguo moja ile ile mpaka muchana.

Wale samaki sasa. Anemoni ilikaa imefunga siku nyingi, tukaona imekufa. Françoise alikuwa anainusa kila asubuhi, anasema, "Hainuke. Tungoje." Siku moja ikafungua vidole upande moja, kisha yote. Niliwaza samaki wataingia palepale. Hapana. Yule mukubwa, mwenye Françoise anasema ni jike, alikuya akagusisha mukia tu, akakimbia. Akarudi, akagusisha tumbo. Alifanya vile siku mbili nzima, kama mutu anapima maji ya kuoga. Kisha akaingia akalala, na yule mudogo akamufuata nyuma. Miye nilikuwa nimeacha kwenda sokoni juu ya kuangalia. Usimwambie mutu.

Christian alifika juzi, muchana, juu ya lori ya vitunguu. Amekonda, anachechemea, nywele kama mutu wa porini. Niliwaza atakimbilia kioo chake. Hakukiangalia hata. Alinishika, akanishika sana, kisha akaenda kusimama mbele ya Françoise. Miye nikatoka nje kuangalia mabati mpya yenye tumepiga kwa salon, kama iko kitu ya kuangalia kwa mabati.

Tumetuma neno Kpandroma kupitia parokia. Baba ya Françoise amejibu kwamba yeye na mama yake wako wazima, na njia ikifunguka nitakaribishwa. Itakuwa miye mwenyewe nitaenda, na Mama Mbambu anisindikize, juu miye sijue kusema vizuri mambo ya ndoa.

Leo asubuhi Christian aliniuliza kama ni kweli nilitia chumvi ya Katwe. Nikamuambia aulize muke wake. Sasa wako mule ndani wanasafisha vioo, na ninasikia wanacheka. Sijui ni nini inawachekesha, na siende kuuliza. Nimekaa hapa nje kwa jua.

Papa yenu,
Evariste