Kufuli la Muyinga

Mahmudu, nimetoka ofisini kwa chama chetu cha waliofiwa vitani, hapa Gitega.

Unakumbuka nilitoa ushahidi kwa chama namna Uthmani alivyochoma nyumba za majirani kule Muyinga wakati wa vita. Jina langu lilifichwa kwa kufuli ndani ya kompyuta, asijue nani kasema.

Leo asubuhi Shamir, kijana wetu wa kompyuta, ameunganisha majedwali ya majina ya ofisi za Gitega na Muyinga kuwa moja. Ananiita mjomba kwa Kifaransa chake, "Tonton, hakuna kilichopotea."

Nikamuuliza, na kufuli je?

Eti jedwali jipya limefuata mipangilio ya Gitega, kwa kuwa alianza na hilo. Gitega majina yako wazi ili watu watafute ndugu zao. Basi mashahidi wa Muyinga nao wako wazi. Wazi kabisa, na yeye anakunywa chai.

Nikamwambia afunge. Amefunga.

"Nani ameshasoma?"

Akaangalia. "Mmoja tu. Hamadi, wa ofisi ya Muyinga."

Hamadi ni mtoto wa Uthmani, Mahmudu. Mtoto wake wa kumzaa.

Amenipigia sasa hivi. Sauti ya upole. "Salam aleikum, Baba Yasmina. Niko hapa Gitega. Nakuja kukusalimia nyumbani."