Picha Saba za Chumba cha Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata ile kazi. Kiwanda cha nguo! Kile kile alichofanya kazi Kaka miaka kumi na moja, fundi wa mashine za kufuma, mpaka milango ilipofungwa mwaka juzi na yeye akapata kazi mji mwingine. Kinabomolewa tarehe kumi na nne. Kampuni ya ubomoaji inataka picha ya kila chumba, na chini ya kila picha sahihi yangu kwamba chumba ni kitupu. Walinzi wao hawapandi kupita ghorofa ya kwanza, ati ngazi haziaminiki. Mimi napanda. Msimamizi ni mzee anayegonga kofia yake ya plastiki ngumu kila akimaliza sentensi. Nimeshambatiza: Bwana Kofia. Nusu ya vibarua wake waliwahi kufanya kazi humu humu. Wawili wameniuliza hali ya Kaka. Nimejibu yuko vizuri, kazini.

Leo nimepiga ukumbi wa mashine. Pembeni giza totoro, madirishani jua linachoma. Jicho linaona vyote viwili, kamera haiwezi. Ndiyo maana napiga saba saba. Kamera juu ya tripodi yake ya miguu mitatu, haiguswi, picha saba za kitu kile kile – ya kwanza giza tupu, ya saba nyeupe mpaka inaumiza. Nyumbani programu inachukua kilicho bora katika kila moja na kuzishona ziwe moja. Unaona kila kitu, hata kutu iliyo chini ya mashine. Mteja mmoja aliniambia picha zangu zinatisha kwa sababu haziachi pa kujificha. Nimeipokea kama sifa.

Lakini kimya cha mle ndani! Si kimya cha mahali pasipo watu. Ni kile cha chumba ambacho watu wameacha kuongea kwa sababu umeingia.

Jumatano, 5 Machi

Ghorofa ya pili. Chumba cha rangi: mapipa, sakafu ya buluu, kutani alama za mikono za watu waliopangusa vidole miaka na miaka. Chumba cha pili, meza ya karani. Vumbi mezani kama blanketi. Viti vinne, vitatu vina vumbi.

Nimejiambia ni upepo. Upepo unaopangusa kiti kimoja!

Tena bomba la ukutani. Nilipoingia lilikuwa likidondosha, ti, ti, ti, hata nikaudhika. Nilipokuwa nakunja tripodi nikagundua limenyamaza. Sikwenda kulitazama. Mimi si mwoga, lakini ngazi nimeshuka mbili mbili.

Nimepita kwa Mama. Nimemwambia kuhusu kazi. Amefurahi, akasema atamweleza Kaka akipiga simu, atakumbuka mengi.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka amenipigia! Yeye humpigia Mama tu, Jumapili. Mimi hunisalimia kupitia kwake kama jirani. "Macho Manne, umekuwa mtu mkubwa siku hizi." Hilo jina ni tangu nivae miwani darasa la tatu, na hatalichoka. Sauti yake ina mwangwi, kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa. Nimemuuliza yuko wapi, akasema bafuni. Tumecheka.

Kisha akanisihi nisipande ghorofa ya tatu. Niseme tu hakufikiki. Ati mbele ya mlango wa stoo sakafu imeliwa na mvua za mwezi uliopita. Nikamwambia kazi ni kazi. Akasema basi nitembee nikiambaa na ukuta wa kushoto.

Nimekwenda, na kweli imeliwa, pale pale. Tundu la kumeza mtu mzima. Nimeambaa na ukuta wa kushoto, roho mkononi, mpaka chumba cha mwisho, walikokuwa wakichora mitindo. Lo, chumba! Kuta za kijani, madirisha kumi na mawili yaliyojaa vumbi, meza ndefu, saa ya ukutani iliyokwama saa nne na dakika ishirini. Nimepiga saba nikiwa nimesimama nyuma ya kamera bila kupumua. Mbele yangu sikuona mtu. Niliona skrini ya kamera tu, na namba zikihesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi. Picha arobaini na moja, sahihi arobaini na moja. Zote nimeziunganisha jana kwa mkupuo mmoja, na kitufe changu cha kuondoa vizuka kimewashwa kama kawaida. Vizuka ndivyo tunavyoita kila kinachosogea kati ya picha ya kwanza na ya saba: njiwa, pazia, mbwa anayepita. Programu inakifuta, chumba kinatulia. Siku zote nakiacha kimewashwa.

Bwana Kofia amezipitia moja moja. Amesema hajawahi kuona vyumba vitupu kiasi hiki. Akagonga kofia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilitaka kukichapisha chumba cha kijani kikubwa, nikitundike sebuleni. Nikakikuza kwenye kompyuta. Na sakafuni, kwenye mwanga wa dirisha la tisa, kuna kivuli cha mtu.

Mtu hayupo. Kivuli kipo. Kichwa, bega, na mkono mmoja ulioinuliwa kama wa mtu anayezuia mlango usipige kelele.

Nimefungua zile saba kabla hazijaunganishwa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu: hakuna kitu. Ya nne: mlango wa nyuma umefunguka kiasi cha kiganja. Ya tano: bega. Ya sita: ukungu wenye urefu wa mtu, unapita nyuma ya meza. Ya saba: mlango umefungwa. Nikawasha taa, na ilikuwa saa sita mchana.

Nilikuwa naye chumba kimoja. Programu ikamfuta, mimi nikatia sahihi.

Nimempigia Bwana Kofia. Amecheka, si kwa ubaya. Ati wahuni wa kulala wapo kila jengo, wakisikia injini watakimbia wenyewe. Nikamwambia kuna tundu ghorofani, mtu hawezi kukimbia kule. Akasema fomu zimeshapelekwa na sahihi ni yangu.

Jumapili, 9 Machi

Sijui niandike vipi.

Nimeshinda kwa Mama. Kaka alikuwa ameshapiga simu asubuhi, na Mama alikuwa na furaha ya kumgawia kila mtu. Hatimaye mwanawe amemsimulia chumba anachoishi! Kikubwa mno, anasema, juu kabisa, hewa safi. Kuta za kijani. Madirisha kumi na mawili – Mama aliyahesabu kwa vidole, akapungukiwa vidole, akacheka. Kina saa ukutani, mbovu, imegoma saa nne na dakika ishirini. "Ati kwake muda wote ni saa ya chai," Mama akasema, na akanimiminia chai.

Nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

Mvua za mwezi uliopita. Kiwanda kimefungwa miaka miwili. Alijuaje sakafu imeliwa mwezi uliopita? Macho manne niliyonayo na sikuona kitu!

Hakuwahi kuondoka. Miaka miwili Mama anawaambia majirani mwanawe ni mkuu wa mafundi mji mwingine, na mwanawe yuko dakika arobaini kwa miguu kutoka hapa, anapangusa kiti kimoja. Mama amemfumia sweta, anatafuta mtu wa kwenda huko ampelekee. Nimesema nipe mimi, namjua mtu. Ameniamini papo hapo.

Sikumwambia. Nimelia njiani kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Simu yake imezimwa. Nimepanda mpaka chumba cha kijani, nimeita. Nimeita kwa jina lake la utotoni. Njiwa wameruka, basi. Lakini nilijua ananisikia, kama unavyojua mtu amesimama nyuma ya pazia. Nimeongea na kuta. Nimesema Mama hajui. Nimesema wanabomoa Ijumaa. Nimeweka sweta mezani, nikaondoka nikitembea kinyumenyume.

Chini nimemkabili Bwana Kofia. Nimemwambia kuna mtu mle ndani, nina uhakika. Akauliza ni nani. Vibarua wawili walikuwa karibu, wale wale wanaoniuliza hali ya Kaka.

"Mtu tu," nikasema.

Akasema basi mtu tu atatoka mwenyewe. Halafu akanipa habari njema: picha zangu zimerahisisha vibali, wanaanza Jumatano asubuhi badala ya Ijumaa.

Mtu tu! Kitufe changu kilimfuta mara moja, kwa kutojua. Mimi nimemfuta kwa mdomo, huku nikijua.

Jumanne, 11 Machi

Sweta halipo mezani. Hakuna barua.

Nimekaa saa tatu. Nimesema kwa sauti kwamba ni kesho, si Ijumaa. Mahali fulani nyuma ya ukuta mtu amekohoa, akajikaza, akakohoa tena. Nimeukimbilia mlango wa nyuma. Korido tupu. Chini yake ngazi, chini ya ngazi giza. Bomba la ghorofa ya pili limefungwa kitambaa ili lisidondoshe. Kitambaa kina fundo lake, lile la mafundi wa kufuma, alilonifundisha nikiwa na miaka saba.

Jumatano, 12 Machi

Chumba cha kijani. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti.

Nimeingia alfajiri kwa mlango wa pembeni wa ukumbi wa mashine. Matingatinga mawili uani. Saa mbili injini zikaanza, jengo zima likatetemeka, vumbi likashuka kama unga. Nimempigia Bwana Kofia kumwambia niko ndani, juu kabisa. Alichosema siandiki. Injini zikazimwa. Ametoa nusu saa, baada ya hapo anawasha injini tena na kuita polisi waniburute.

Nimesimamisha tripodi pale pale pa Alhamisi. Nimesema kwa sauti, kwa chumba: "Kaka, sahihi yangu inasema chumba hiki ni kitupu. Nataka picha nyingine. Napiga saba. Ukipita utafutika tena. Ukikaa utaonekana."

Nimepiga saba. Tupu. Nimepiga saba nyingine. Ya nne mlango umefunguka kiasi cha kiganja.

Akaingia. Amekonda, Mungu wangu, lakini amenyoa. Sweta amelivaa. Ametazama upande wa lile tundu la stoo, akanitazama miguu, kwanza kabisa akaniuliza kama niliambaa ukuta wa kushoto. Nimemkumbatia. Ananuka vumbi na sabuni ya unga.

Sasa hataki kushuka. Amekaa kwenye kiti cha meza ndefu, anaongea kwa sauti ndogo. Wiki ya kwanza alidanganya ili Mama asihuzunike, akidhani atapata kazi kabla ya mwezi kuisha. Wiki ya pili Mama alikuwa ameshatangaza. Anasema nusu ya wale uani wanamjua kwa jina, alifanya nao kazi miaka kumi na moja. Watampigia Mama kabla yeye hajafika ngazi ya mwisho. Anasema nitangulie, yeye atajua pa kupita. Nimemwambia hakuna pa kupita, wamezingira pande zote. Nimemwambia sishuki bila yeye. Nimemwambia na lile la Jumatatu, nilivyosema mtu tu, mbele yao. Nilidhani atakasirika. Ameitikia kwa kichwa tu, kana kwamba na yeye angejibu hivyo hivyo. Hilo limeniuma zaidi.

Zimebaki dakika saba. Sita.

Ameniuliza picha ni ya nini. Nikasema ya kupeleka chini, kuonyesha kuna mtu, na mtu huyo ni nani. Amefikiri muda mrefu kuliko tulio nao. Akafunga vifungo vya sweta mpaka shingoni. Akajiweka sawa kitini, mikono magotini, kama tulivyokaa studio na Mama tukiwa wadogo.

"Piga, Macho Manne. Lakini sijui kama nitaweza."

Moja. Mbili. Tatu, nne. Tano. Sita. Ya saba ni sekunde thelathini, naandika huku inahesabu. Anaitazama kamera. Chini injini imewaka, moja, sasa ya pili. Meza inatetemeka. Simu yangu juu ya meza inatetemeka zaidi, imewaka, sote wawili tunaliona jina – Mama.

Sekunde ya kumi na tisa. Hajasogea.