Madirisha ya Tumbo Yameng'olewa

Nyumba ya Kona,
Mtaa wetu ule ule.
Jumapili, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekatika.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa pazuri, miguu juu ya kistuli na kikombe cha kitu cha moto karibu yako. Goti linasemaje? Na presha? Dawa unakunywa, au bado unazificha chini ya mto ukidhani mwanao haoni? Mimi mjomba wao naambiwa kila kitu, usinifiche.

Mimi si haba. Mgongo hulalamika asubuhi, lakini ukishapata joto unanyamaza. Meno yaliyobaki yanaelewana. Nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Dada, simu yako ina watu wengi. Huwekwa katikati ya meza, sauti juu, mkwe wako anasalimia, wajukuu wanapiga kelele, na mimi najikuta nasema "sijambo, sijambo kabisa," kisha tunaagana. Kuna mambo hayasemeki mbele ya watu wanaokula.

Habari kubwa ni ya madirisha. Yale mawili ya mbele, la sebuleni na la juu chumbani kwa wazazi, yaliyochomoza nje ya ukuta kama tumbo, hayapo tena. Unakumbuka jinsi Baba alivyoyaona kwenye nyumba ya bosi wake, akarudi akiyachora kwa kidole juu ya meza, akaapa kwamba na yeye atajenga nyumba ambayo mtu anakaa ndani huku yuko barabarani. Watu wa mtaa wakaibatiza "nyumba yenye mimba". Mama aliwanunia weee, mpaka siku moja akashindwa, akacheka yeye kuliko wote.

Tangu wifi yako atangulie, mimi nimekuwa kama naishi ndani ya lile la chini. Si kwamba nyumba ni ndogo. Vyumba vingine ni vikubwa mno kwa mtu mmoja. Nilivuta kiti changu nikakiweka pale alipokuwa akiweka cherehani yake, nikawa nakula pale, nasoma pale, nasinzia pale. Vioo vilikuwa vimelegea kwenye fremu, kwa hiyo kila kitu kiliingia: vumbi, baridi, ugomvi wa jirani na mumewe, nyundo za mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, watoto wanaotoka shule wakitaniana. Nilikuwa nagombana na dirisha hilo kila siku, nikiziba nyufa kwa magazeti.

Mvua za safari hii zilikuja na upepo. Asubuhi moja niliegemea ubao wa chini wa dirisha ili niinuke, kidole gumba kikazama kwenye mbao kama kinazama kwenye mkate uliolowa. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wakatuachia rangi tu. Sijakaa sawa, kioo cha pembeni kikachomoka na kwenda kupasukia njiani. Jirani yetu mwalimu ndiyo kwanza alikuwa amepita, madaftari yake kifuani. Aligeuka, akavitazama vile vipande, akanitazama mimi. Akashika njia yake. Angechelewa kidogo tu, leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine kabisa.

Nikampigia kijana wangu. Alikuwa anatembea huku anaongea, kama kawaida yake.

"Baba, ondoa hayo matumbo," akasema. "Weka ukuta ulionyooka na dirisha la kawaida. Hata siku ya kuuza, nyumba iliyonyooka inauzika haraka."

"Nani anauza?"

"Nasema tu, Baba. Siku moja."

Najua hakuwa na nia mbaya. Ana kazi, ana watoto, anafikiria mbele kama tulivyomfundisha. Lakini niliikata simu nikabaki na hiyo "siku moja" yake mkononi. Siku moja ndiyo siku nitakayotolewa humu nimebebwa. Mwanangu keshaiona, anaipigia hesabu ya ukuta, na mimi bado naota jua.

Fundi niliyempata wenzake humwita Milimita, kwa sababu hakuna kinachomkaa sawa. Kila ukuta kwake umepinda kidogo. Ni mtu mnene, mcheshi, penseli haitoki sikioni. Alizunguka nje, akavuta futi yake, akaguna, akavuta tena.

"Mzee," akaniuliza, "ninyooshe ukuta, au nikurudishie tumbo lako?"

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Akajishika tumbo lake. "Mimi sina haki ya kutoa ushauri huo."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo humu ndani. Nikamwambia arudishe tumbo, la chini na la juu, kama Baba alivyoyataka, ila kwa alumini na vioo vipya.

Sasa sikia, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Siku alizokuwa akifanya kazi, nyumba ilikuwa wazi. Aling'oa dirisha la chini lote, pakabaki shimo la kupita ng'ombe, nalo kalifunika kwa nailoni inayopepea. Aibu tupu, ungedhani. Lakini watu wakaanza kusimama. Mchomeleaji alivuka barabara kuja kukagua kazi ya mwenzake na kuikosoa. Mwalimu, ambaye niliogopa hatanisalimia tena, alichungulia ndani akasema, "Kumbe mzee una kochi jekundu! Miaka yote napita hapa sijui." Akaingia, akalikalia.

Nikaanza kupika chakula cha watu wawili. Milimita anakula huku anaongea, anakwangua plasta huku anaongea, anampinga mtangazaji wa redio kana kwamba yuko naye mezani. Kanisimulia habari zote za mama mkwe wake, kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Asubuhi nilikuwa naamka nikijua kuna mlango utagongwa. Nilinyoa ndevu, dada. Nilitoa vikombe vya wageni.

Halafu kazi ikaisha.

Madirisha ni mazuri, sitasema uongo. Yamesimama wima, yanang'aa, mpira pande zote, silikoni kila kona. Milimita alifunga la mwisho, akagonga kioo kwa kidole, akasema, "Hapa hata inzi akikohoa nje humsikii." Akapanga vifaa vyake, akaondoka.

Na kweli sikusikia kitu. Nilikaa kwenye kiti changu, nikawaona watoto wa shule wakipita, midomo wazi, wanacheka, na hakuna sauti. Mchomeleaji ananyanyua nyundo, inashuka, kimya. Ilikuwa kama kutazama televisheni iliyozimwa sauti. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia friji ikianza na ikizima. Nikasikia nikimeza mate. Nilifungua, naam, lakini upepo wa jioni ni mkali na kifua changu unakijua, nikafunga tena.

Sasa usinicheke. Baada ya siku chache nilimpigia Milimita kwamba komeo la dirisha la juu ni zito. Akaja, akalijaribu, jepesi kama karata. Akanywa chai, akaongea, akaenda. Wiki iliyofuata nikasema bawaba inalia. Akaja, akafungua, akafunga, haikulia. Nikasema labda hulia kukiwa na unyevu. Akanywa chai. Mara ya mwisho nikaona aibu kumwita bure, kwa hiyo nikachukua kisu cha mezani, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikalegeza skrubu ya komeo mpaka ikaning'inia.

Alikuja na bisibisi yake. Akainama, akaitazama ile skrubu kwa muda. Kisu kilikuwa kimeteleza na kuacha mkwaruzo mpya kwenye alumini, mtoto mdogo angeuona. Akaikaza. Akaosha mikono, akaketi, akasubiri nimimine chai.

"Mzee," akasema, "mama yangu anaishi peke yake. Bomba la mama yangu limeharibika kuliko mabomba ya mtaa mzima. Kila nikienda, nalikuta zima. Na mimi hukasirika, namwambia, mama, unanipotezea siku." Akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha korogwa. "Dirisha lako halina kitu. Ukitaka nije, sema nije."

Nikainuka nikajifanya natafuta sukari, na sukari iko mezani mbele yetu. Nilipogeuka alikuwa anatazama nje, makusudi, ili nipate nafasi ya kujifuta macho.

"Nitasema," nikamjibu.

"Basi," akasema. "Na leo napitia kwa mama."

Alikuja Jumapili iliyopita bila kuitwa na bila vifaa. Ingekuwa hadithi, ningekwambia tulipiga soga mpaka jua likazama. Haikuwa hivyo. Bila bisibisi mkononi, Milimita hakujua mikono yake aiweke wapi. Mimi nami sikuwa na kasoro ya kumwonyesha. Tulikaa tukitazama barabara kama abiria wawili. Nikamuuliza habari za mama mkwe wake, akasema hajambo. Nikamshika mkono wakati wa kuondoka, nikamshukuru, na nilimshukuru kwa moyo wote. Ni mtu mwema. Nadhani atakuja tena.

Lakini alipoondoka ndipo nilipoelewa kwamba siyo fundi niliyemkosa. Hapa wananiita mzee. Wananiita baba, jirani, baba fulani. Wifi yako alikuwa akiniita "wewe", na alijua kuisema hiyo "wewe" kwa namna zote. Hakuna aliyebaki wa kunijua nilipokuwa mfupi, mnene, nakimbia hapa sebuleni bila suruali, Mama ananifukuza na taulo. Hakuna wa kuniita Kibonge. Hata wewe kwenye simu, mbele ya mkwe, unaniita "mjomba wao".

Kijana wangu nimemwambia wazi kwamba nyumba haiuzwi nikiwa ndani yake. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Nitumie picha ya dirisha, Baba." Nikamtumia. Akajibu kwamba limependeza. Ni neno dogo lakini nililisoma zaidi ya mara moja.

Dada, kila ulipoulizia hali yangu nimekujibu kwamba sijambo kabisa. Sikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilijiambia si uongo. Ila kuna siku zinapita sijatamka neno, na jioni nikijaribu kusema kitu sauti inatoka ikikwaruza kama mlango. Nimeogopa kukwambia kwa sababu nawe una yako, na kwa sababu nikianza kuyasema nitaonekana mtoto.

Naomba uje. Siombi uhamie, najua wajukuu wamekuzoea na wewe umewazoea. Njoo ukae msimu mmoja. Kitanda kile cha wazazi nimekishusha chini, kipo chumba cha pembeni, usije ukapanda ngazi na goti lako. Nimetengeneza na kishikio bafuni. Utachagua mwenyewe utakalia upande gani wa dirisha, na tukigombania tutagombana kwa adabu, tumezeeka.

Na kama goti limekataa, au mwanao hataki usafiri, usinifiche na usinipambie maneno. Niandikie "siwezi", basi. Nitamwachia mwalimu funguo, nitafunga nyumba, nije mimi. Sijawahi kupanda chombo cha safari ndefu namna hiyo peke yangu, na naogopa, lakini ninachokiogopa humu ndani ni kikubwa zaidi.

Nisalimie mpwa wangu, mwambie ahsante kwa kukutunza na aendelee kuninong'oneza habari za dawa. Msalimie mkwe wetu, sina ugomvi naye, ni meza yake tu. Wajukuu wote wabusu vipaji vya nyuso, yule wa mwisho mara mbili. Mungu akulinde usiku na mchana, akupunguzie maumivu, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na anayekungoja,

Kibonge